Kiraka na Matini: Uhariri wa Michezo ya Video na Swali la Kuchagua Vipande

Ikisiri

Viraka vinavyotengenezwa na wachezaji kwa ajili ya michezo ya video iliyoachwa na waundaji wake vimezua mjadala wa muda mrefu: je, kiraka kisakinishwe chote kwa pamoja, au mchezaji apewe nafasi ya kuchagua vipande avitakavyo? Makala hii inalichukulia swali hilo kuwa swali la uhariri wa matini. Kwa kuchunguza kiraka cha mchezo wa Vampire: The Masquerade – Bloodlines na kukilinganisha na kazi za namna hiyo katika michezo ya Star Wars: Knights of the Old Republic II na Baldur's Gate II, inadaiwa kwamba idadi ya machaguo inapaswa kufuata aina za mamlaka zilizomo katika mabadiliko, wala si wingi wa mabadiliko yenyewe.

Utangulizi

Mchezo wa Vampire: The Masquerade – Bloodlines uliingia sokoni tarehe 16 Novemba 2004, siku ileile ulipotoka Half-Life 2, mchezo uliokuwa ukingojewa kwa hamu kubwa na ambao injini yake, Source, ndiyo iliyotumiwa kuundia Bloodlines pia. Waundaji walikuwa Troika Games wa California, kampuni ndogo. Mchapishaji alikuwa Activision. Kazi ilitoka haijaiva. Wahusika walikwama ukutani, maandishi hayakulingana na sauti, na mahali fulani kuelekea mwishoni mchezo ulizimika wenyewe na kumzuia mchezaji asiendelee. Kiraka rasmi kilitolewa mwezi uliofuata, kikaziba shimo hilo kubwa na mengine machache. Februari 2005 Troika ikafungwa, na pamoja nayo likatoweka tumaini la kiraka rasmi cha pili.

Kazi ya kuukarabati mchezo huo ikaangukia mikononi mwa wachezaji. Ilianzishwa na mmoja wao, kisha ikapokelewa na Werner Spahl, mkemia wa Ujerumani, ambaye ameiendeleza kwa muda unaozidi mara kadhaa ule ambao Troika iliutumia kuunda mchezo wenyewe. Jambo hilo peke yake linatosha kumfanya mtaalamu wa matini asimame na kutazama. Ni nadra mhariri kuishi na kazi ya mtu mwingine kwa muda mrefu kuliko mtunzi alivyoishi nayo.

Neno kiraka linafaa hapa, ingawa lina mtego ndani yake. Kiraka cha nguo huonekana. Fundi hodari anaweza kutafuta uzi wa rangi ileile na kukificha karibu na mshono, lakini mwenye kanzu anajua kiko wapi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipeleka kwa fundi. Kiraka cha mchezo hakina sifa hiyo. Kikishasakinishwa, faili mpya hukaa mahali pa faili za zamani, na mchezaji anayeingia katika mitaa ya Santa Monica ya Bloodlines kwa mara ya kwanza hawezi kujua kama mlango alioufungua ulifunguliwa na Troika au na mtu aliyekuja baada yao.

Swali linalowagawanya watengenezaji na watumiaji wa viraka vya aina hii ni la kiufundi kwa sura yake. Kisakinishi kinapofunguliwa, je, kimwonyeshe mchezaji kitufe kimoja tu, au kimpe orodha ya visanduku atie alama kwenye mabadiliko anayoyataka na kuyaacha mengine? Kwa kawaida majibizano huendeshwa kwa lugha ya urahisi na uhuru. Upande mmoja hautaki mambo yawe magumu. Upande wa pili hautaki mchezaji alazimishwe. Lugha zote mbili zinakikosa kiini. Mtu anayeamua ni mstari upi ubaki na upi uondoke katika kazi ya mwingine asiyekuwapo tena kujibu anafanya kazi ya mhariri, na swali la visanduku ni swali la namna mhariri anavyowajibika kumjulisha msomaji alichokigusa.

Kilichomo ndani ya diski

Mchezo wa video hauchapishwi kama kitabu. Sura ya kitabu ikiondolewa kabla ya kazi kwenda mtamboni, hubaki kwenye meza ya mwandishi na msomaji haioni. Mchezo ukikatwa, mara nyingi kilichokatwa husafiri pamoja na kilichobaki. Kukiondoa kabisa kuna hatari, kwa sababu faili moja huitegemea nyingine, na muda unapokuwa mfupi ni salama zaidi kuziba njia inayokielekea kuliko kukifuta. Hivyo mnunuzi hubeba hadi nyumbani, bila kujua, vyumba vilivyofungwa, majibizano yasiyosemwa, na pengine sauti za waigizaji zilizorekodiwa na kulipiwa lakini zisizosikika kamwe.

Katika Bloodlines mfano ulio wazi ni historia za wahusika. Haya yalikuwa maelezo mafupi ambayo mchezaji angeyachagua mwanzoni ili kumpa mhusika wake maisha ya kabla ya kugeuzwa mnyonya damu, kila moja likiwa na faida na hasara yake. Yaliandikwa, yakawekwa katika faili, kisha yakazimwa kabla ya mchezo kutoka. Kiraka cha Spahl kiliyawasha tena. Mfano mkubwa zaidi unapatikana katika Knights of the Old Republic II, kazi ya Obsidian Entertainment iliyochapishwa na LucasArts mwishoni mwa 2004. Hatima za wahusika kadhaa katika sayari ya Malachor V zilikatwa au kuachwa zikining'inia, na kiwanda kizima cha maroboti ya HK katika sayari ya Telos kikaachwa nje ilhali mazungumzo ya mchezo yanamwandaa mchezaji kukifikia. Kundi la wachezaji lililoamua kuyarejesha hayo lilikuta sauti nyingi zimelala ndani ya faili, likaziunganisha upya.

Kwa hiyo mambo yanayofanywa chini ya jina moja la kiraka yana asili tatu. Kuna kurekebisha kilichoharibika: mlango ambao ulikusudiwa kufunguka na haufunguki. Kuna kurejesha kilichotungwa kisha kikazuiwa: historia za wahusika, kiwanda cha Telos. Na kuna kutunga kisichowahi kuwapo: silaha iliyopunguzwa makali kwa sababu mhariri anaona ina nguvu mno, mstari mpya wa kuunganisha mandhari mbili, taratibu za mchezo zilizobadilishwa ili zifanane zaidi na kitabu cha mchezo wa mezani ambacho ndicho chanzo cha Bloodlines. Tofauti kati ya asili hizi haitokani na ukubwa wa badiliko. Neno moja jipya ni la asili ya tatu. Sayari nzima iliyokuwamo katika faili ni ya asili ya pili.

Toleo la msingi na toleo la ziada

Jibu la Spahl kwa swali la visanduku lilikuwa mgawanyo wa sehemu mbili. Kisakinishi chake humtaka mchezaji achague kati ya toleo la msingi, ambalo hurekebisha dosari tu, na toleo la ziada, ambalo pamoja na kurekebisha hurejesha maudhui na kubadili mambo mengine. Katika orodha ya mabadiliko inayofuatana na kiraka, yale ya toleo la ziada hutiwa alama ya kujumlisha. Zaidi ya hapo ipo folda ya pembeni yenye vitu vya hiari kwa anayetaka kujishughulisha. Utaratibu huu si mkamilifu, lakini ni wa busara kuliko mingi iliyokuja baada yake, na inafaa kueleza kwa nini kabla ya kuonyesha unapopungua.

Ubora wake ni kwamba mpaka umewekwa mahali penye mabadiliko ya mamlaka. Anayechagua toleo la msingi anaambiwa, kwa maneno mengine, kwamba atapata mchezo ambao Troika walidhani wameuuza. Anayechagua toleo la ziada anaambiwa kwamba kuanzia hapa kuna mtu mwingine aliyeingia kazini. Mchezaji mgeni hahitaji kujua chochote kuhusu yaliyomo ili aweze kuchagua. Inatosha ajue anamwamini nani. Mipaka mingi inayopendekezwa na wapenzi wa visanduku haina sifa hii. Kumuuliza mtu ambaye hajacheza kama anataka mkutano fulani wa wahusika urejeshwe ni kumtaka atoe hukumu juu ya tamthilia ambayo hajaitazama, na mara nyingi swali lenyewe humfichulia siri ya hadithi.

Upungufu wa utaratibu huo uko katika toleo la ziada. Ndani yake urejeshaji na utunzi vimewekwa chungu kimoja. Mchezaji anayetaka historia za wahusika, zilizoandikwa na Troika, hulazimika kuzipokea pamoja na marekebisho ya taratibu za mchezo ambayo ni maoni ya mhariri. Malalamiko dhidi ya kiraka hiki (na walalamikaji ni wengi kuliko wanaosoma maelezo ya usakinishaji) yamekuwa zaidi juu ya jambo hili: kwamba toleo la ziada limekuwa mchezo wa Spahl. Yamewahi kutokea hata viraka shindani vilivyodai kuwa na uaminifu zaidi kwa Troika. Lawama hiyo imetiwa chumvi, kwani alama ya kujumlisha ipo na toleo la msingi lipo. Hata hivyo ina punje ya ukweli ambayo isingekuwapo kama mpaka wa pili ungechorwa kati ya kurejesha na kutunga.

Wazimu wa Malkavian

Inaweza kudhaniwa kwamba angalau tabaka la kwanza, la kurekebisha, halina utata: kilichoharibika kimeharibika. Bloodlines yenyewe ina ushahidi wa kinyume.

Mchezaji huchagua mhusika wake kutoka koo saba za wanyonya damu. Mmojawapo, ukoo wa Malkavian, ni wa wenda wazimu, na waandishi wa Troika, hasa Brian Mitsoda, waliutungia ukoo huo majibu yake peke yake katika mchezo mzima. Mhusika wa Malkavian huwaita watu kwa majina yasiyo yao, hujibu swali ambalo halijaulizwa, na humwambia mwenzake, kwa mafumbo, mambo ya hadithi ambayo mchezaji hajayafikia. Barabarani anaweza kugombana na alama ya kusimamisha magari. Mtangazaji wa televisheni humjibu kutoka ndani ya kioo. Maneno yake huandikwa hata kwa mwandiko tofauti na wa koo nyingine.

Mhariri afanye nini hapa? Jibu lisilolingana na swali ni dosari ya kawaida kabisa katika mchezo uliotoka haujaiva: mstari umeunganishwa mahali pasipo pake. Lakini jibu lisilolingana na swali ndiyo sanaa yenyewe ya Malkavian. Wahariri wa miswada ya kale walikuwa na kanuni kwamba kati ya usomaji mwepesi na mgumu, ule mgumu ndio unaostahili kupendelewa, kwa sababu mnakili huelekea kulainisha asichokielewa. Kanuni hiyo inafaa sana hapa, na pia haitoshi, kwa kuwa katika mchezo mgumu mwingine ni ugumu wa kweli na mwingine ni waya uliochomoka. Hakuna kipimo cha kimashine cha kuvitenganisha. Inabidi mtu asome mazungumzo yote ya mhusika, aifahamu sauti yake, kisha aamue. Uamuzi huo ukishafanywa huingia katika toleo la msingi chini ya jina la unyenyekevu la kurekebisha, na hakuna kisanduku kinachoweza kuuonyesha.

W. W. Greg, katika makala yake mashuhuri ya 1950 kuhusu matini ya kunakilia, alitofautisha mambo yanayogusa maana na yale yanayogusa umbo tu, kama tahajia na alama za uandishi, akaonyesha kwamba mhariri anaweza kufuata mamlaka tofauti kwa kila aina. Watengenezaji wa viraka wameifikia tofauti kama hiyo kwa njia zao. Mfano wa Malkavian unaonyesha mahali inapochanika: katika kazi ambamo umbo lililovurugika ndilo maana, mpaka kati ya makundi hayo mawili haukai mahali pamoja.

Visanduku vingi

Kwa upande wa pili wa hoja kuna mila ya Baldur's Gate II, mchezo wa BioWare wa mwaka 2000. Wachezaji wake walipata chombo kiitwacho WeiDU, kilichoandikwa na Westley Weimer, ambacho huligawa kila badiliko kuwa kipengele chenye namba. Mchezaji anaulizwa kipengele kwa kipengele: sakinisha, ruka. Kila alichosakinisha huandikwa katika faili ya kumbukumbu, kwa mpangilio wa kilivyoingia. Akitaka kuondoa kipengele cha katikati, chombo huviondoa kwanza vilivyokuja baada yake, kisha huvirudisha.

Lazima ikubaliwe kwamba kumbukumbu hii ni kitu cha thamani kubwa. Ndiyo inayokaribia zaidi orodha ya tofauti za usomaji ambayo mhariri wa matini huiweka chini ya ukurasa. Anayeandika kuhusu Baldur's Gate II anaweza kusema hasa ni matini ipi aliyoicheza. Wachezaji wa michezo mingi hawawezi. Tena, kifurushi cha marekebisho kinachotumiwa na wengi katika mchezo huo kimeweka marekebisho ya hakika katika kipengele kimoja cha msingi, na yale ambayo watengenezaji wenyewe wanakiri kwamba huenda si dosari kikayatenga kama vipengele vya hiari. Kukiri huko ni uaminifu wa kitaaluma ambao baadhi ya wahariri wa vitabu hawajaufikia.

Tatizo linaanza pale mgawanyo unapoendelea bila kikomo. Visanduku kumi vinavyojitegemea huzaa matini 1,024 tofauti. Visanduku ishirini huzaa zaidi ya milioni moja. Hakuna kundi la watu wanaofanya kazi kwa kujitolea, usiku baada ya ajira zao, linaloweza kuzicheza zote kuhakikisha kwamba zinafika mwisho. Mchezaji anayeripoti kwamba mhusika ametoweka anaripoti kuhusu matini ambayo pengine hakuna mtu mwingine duniani anayo. Mabadiliko nayo hayajitegemei kweli. Mandhari iliyorejeshwa hutaja tukio lililorejeshwa kwingine; kisanduku kimoja kikiachwa wazi, mhusika anazungumzia jambo ambalo halikutokea. Kiraka kilichokuja kuondoa mazungumzo yaliyokatika hubaki kikizalisha mengine.

Kuna hasara nyingine isiyohesabika kwa tarakimu. Mhariri mwenye visanduku hamsini anaweza kukwepa kila uamuzi mgumu. Je, mandhari hii ilikatwa kwa sababu ya haraka au kwa sababu ilikuwa dhaifu? Iwe kisanduku. Je, mstari huu ni wa mhusika huyu au wa mwenzake? Iwe kisanduku. Kinachoitwa uhuru wa mchezaji ni, kwa sehemu, mzigo wa mhariri uliohamishiwa kwa mtu asiye na faili, asiye na muda, na asiyejua kisa.

Watengenezaji wa nyongeza ya kurejesha ya Knights of the Old Republic II hawakukwepa. Nyongeza yao husakinishwa nzima, bila visanduku. Lakini sayari ya maroboti iitwayo M4-78, ambayo nayo ilikuwa imekatwa, haikuingizwa humo. Ilitolewa kama nyongeza ya peke yake. Kilichokuwa kimebaki cha sayari hiyo hakikutosha, na ilibidi mazungumzo mengi yaandikwe na sauti mpya zirekodiwe na watu ambao hawakuwa waigizaji wa Obsidian. Yaani mpaka ukawekwa mahali hasa ambapo kurejesha kunageuka kutunga. Mchezaji aliyesakinisha nyongeza ya kwanza peke yake ana haki ya kuamini kwamba, isipokuwa viungo vidogo vya lazima, anachokisikia kilisemwa mbele ya kinasa sauti mwaka 2004. Huo ni usakinishaji wa vipande. Vipande ni viwili tu, na mahali vilipotengana panasomeka.

Lear wawili na Muyaka mmoja

Wahariri wa vitabu wameyapitia haya. Tamthilia ya Shakespeare ya King Lear ina matini mbili za kale: ya kitabu kidogo cha 1608 na ya mkusanyo mkubwa wa 1623. Ya pili haina mistari takribani 300 iliyomo katika ya kwanza, na ina takribani 100 isiyokuwamo humo. Kwa karne nyingi wahariri walizichanganya wakapata Lear mmoja mrefu, mwenye kila kitu, ambaye hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuchezwa jukwaani wakati wa Shakespeare. Toleo la Oxford la 1986 likaamua kuzichapisha zote mbili, kila moja peke yake. Halikumpa msomaji mistari 400 na mkasi. Lilimpa kazi mbili ambazo kila moja ina mantiki yake, likabeba lawama za uamuzi huo.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili kuna mfano wa karibu zaidi, nao unafanana na hali ya Troika kwa namna ambayo Lear haufanani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa yameishi vinywani mwa watu na katika karatasi chache kwa miongo kadhaa W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, aliyeyajua na kuyafafanua. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akayatoa tena katika kitabu chake, pamoja na tafsiri na maelezo ya mazingira yake. Mtunzi hakuwapo kuulizwa. Walioyatengeneza walikuwa wapenzi wa kazi hiyo, na kila mmoja alilazimika kuamua neno lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu lisomwe vipi kwa Kilatini, mahali ambapo hati hiyo inaruhusu zaidi ya usomaji mmoja. Hakuna msomaji ambaye angefaidika kwa kupewa kila silabi yenye utata kama kisanduku. Alichohitaji ni kujua ni wapi sauti ya Muyaka imefikishwa na ni wapi imekisiwa, na kwa nani. Mchango wa Sikujua ungefichika kabisa kama maelezo yake yasingehifadhiwa kando ya mashairi, na hapo ndipo thamani ya kutenganisha inapoonekana: maelezo ya Sikujua hayakuwahi kuwa beti za Muyaka, ijapokuwa bila hayo beti kadhaa zingekuwa fumbo tupu.

Ipo pingamizi nzito dhidi ya hoja hii, nayo inatoka kwa Jerome McGann, ambaye katika kitabu chake cha 1983 alipinga wazo kwamba nia ya mtunzi ndiyo mahakama ya mwisho ya mhariri. Kwa mtazamo wake matini ni zao la jamii: mchapishaji, mtambo, tarehe ya mwisho na soko vyote ni sehemu ya utunzi. Ikiwa hivyo ndivyo, historia za wahusika wa Bloodlines hazikuporwa kutoka kwa kazi. Kuzimwa kwake ndiko kuliikamilisha kazi kama ilivyotoka, na anayeziwasha hajarejesha chochote bali ameunda toleo jipya. Pingamizi hii haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo inaimarisha hoja ya mpaka. Kadiri tunavyokuwa na mashaka kuhusu hadhi ya kilichokatwa, ndivyo inavyokuwa lazima kikae mahali panapojulikana, kisichanganywe na urekebishaji wa mlango uliokwama wala na ladha ya mhariri. Mfuasi wa McGann achague tabaka la kwanza peke yake. Anayeamini katika nia ya mtunzi aongeze la pili. Anayemwamini Spahl achukue yote matatu. Machaguo matatu yanatosha kuihudumia kila nadharia ya matini inayojulikana, na kundi dogo la watu linaweza kuyajaribu yote hadi mwisho.

Nani anayechagua

Mjadala huu ungekuwa wa wachezaji peke yao kama matini zinazotokana nao zingebaki kwao. Hazikubaki. Mwaka 2021 kampuni ya Aspyr haikuwa imetangaza bado toleo la Knights of the Old Republic II kwa mashine ya Switch. Ilipolitangaza mwaka uliofuata, iliahidi pia kwamba maudhui yaliyorejeshwa yangepatikana humo baadaye kama nyongeza rasmi. Mwezi Juni 2023 ahadi hiyo ikafutwa. Wenye Switch wanao mwisho wa mchezo kama ulivyokatwa; wenye kompyuta wanao mwisho uliounganishwa upya na wachezaji. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika tasnifu juu ya hatima ya wahusika wa Malachor V, wakapingana kwa ushahidi, na wote wakawa sahihi. Kila mmoja akiandika jina la mchezo na mwaka 2004 katika marejeleo, kama ilivyo desturi, msomaji hatajua kamwe kwa nini.

Kwa Bloodlines hali ni ya ajabu zaidi. Nakala inayouzwa na duka la GOG huja na kiraka cha Spahl tayari kimo ndani, katika toleo lake la msingi. Uamuzi wa muuzaji ni mzuri kwa mujibu wa kila hoja iliyotolewa hapa: tabaka la kwanza ndilo pekee linaloweza kutolewa bila kumuuliza mnunuzi. Lakini tabaka hilo ndilo lenye Malkavian. Mnunuzi wa leo, aliyezaliwa pengine baada ya Troika kufungwa, hufungua mchezo bila kukutana na kisakinishi cha kiraka hata mara moja. Anasikia mhusika wake akiiambia alama ya barabarani maneno ya ghadhabu, na orodha ndefu ya mabadiliko, yenye alama zake za kujumlisha, imelala ndani ya folda ya mchezo pamoja na faili nyingine ambazo hana sababu ya kuzifungua.